Mkanda Usiofika

Tarehe 1 Februari 2004 ilikuwa Jumapili, kwa hivyo Nairobi iliyasikia makali yake Jumatatu. Asubuhi hiyo vituo vilijaa watu na barabara zikakosa magari. Kwetu Kangemi watu waliifuata Waiyaki Way kwa miguu hadi Westlands, kisha mjini: watu wa ofisi, mafundi wa mjengo, wanafunzi, wote kwenye ukingo mmoja wa lami. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nilidhani ni maandamano.

Hayakuwa maandamano. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, alikuwa ametoa sheria mpya za magari ya abiria mwaka 2003, kupitia Tangazo la Kisheria nambari 161, na siku ya kuzitekeleza ilikuwa imefika. Matatu isiyokuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano ubavuni na mkanda kwa kila abiria haikuruhusiwa kubeba mtu. Wenye magari wengi walikuwa wamengoja wakidhani mzee atalegeza. Hakulegeza. Polepole magari yakarudi, yana mikanda, na ndani ya Nissan ya abiria 14 mlikuwa na abiria 14. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu vichwa 18 au 20, ilikuwa kama kukaribishwa sebuleni.

Sheria za Michuki zimeandikwa sana, na sifa zake nyingi zinastahili. Ila kuna jambo moja ndani yake ambalo sijaona likiandikwa, pengine kwa sababu wanaolijua wanaona aibu kulisema. Kabla ya siku ile, mtu mnene ndani ya matatu alikuwa kero. Baada ya siku ile, akawa mvunja sheria.

Mimi ni mtu mnene. Nina kilo 124, shati la dukani haliniingii mabegani, na majina yote nimeyasikia: kibonge, bonge la mtu, mheshimiwa. Nataka kueleza tulivyofika hapa, na kwa nini naamini mkanda wenyewe hauna hatia.

*

Tuanze na zama ambazo hakuna aliyekuwa na kiti chake.

Jina matatu linatokana na pesa: sarafu tatu za senti kumi, nauli ya enzi hizo. Magari haya yalianza kwa kujificha, yakinyakua abiria wa Kenya Bus Services, kampuni iliyokuwa imepewa haki ya kipekee ya kusafirisha watu jijini. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatangaza kwamba matatu zinaweza kubeba abiria bila leseni ya usafiri iliyokuwa ikidaiwa, na mlango ukafunguka. Sheria iliyozitambua rasmi ilikuja mwaka 1984. Kati ya miaka hiyo, gari la abiria lingeweza kuwa chochote chenye magurudumu. Kulikuwa na pikapu za Peugeot 404 zilizofungwa bodi nyuma, ndani mabenchi mawili marefu, abiria wakitazamana goti kwa goti. Wazee wetu huziita face-me.

Benchi la mbao halina mpaka. Hakuna palipoandikwa kwamba nafasi ya kwanza inaishia hapa na ya pili inaanzia hapa. Mwembamba akiingia anachukua kidogo, mnene anachukua zaidi, na hasara inagawanywa kwa benchi zima. "Songeni, songeni, wengine pia wako na kwao," makanga anasema, na watu wanasonga huku wakinung'unika. Nissan zilipokuja, desturi ile ilihamia nazo. Kiti cha watatu kilikaliwa na wanne. Kati ya kiti na kiti kuliwekwa ubao, wengine wakauita sambaza, na aliyeukalia alilipa nauli ileile kama aliyekaa dirishani.

Kuna mama wa mtaani kwetu aliyekuwa akienda Marikiti kila alfajiri kununua nyanya na vitunguu vya kibanda chake. Ni mwanamke mwenye mwili kunishinda mimi. Siku moja nilimuuliza zamani ilikuwaje. "Walinisukuma, walinikanyaga, hata kuna aliyenifinya," akaniambia. "Lakini kijana wangu, hakuna aliyewahi kuniambia nilipe watu wawili."

Hilo la watu wawili ni la baada ya 2004. Ukishagawanya gari katika vipande 14 vinavyolingana, anayezidi kipande chake anaonekana. Zamani alikuwa anabana watu wote kidogo kidogo. Sasa ameingia kwenye kiti cha mtu mmoja anayejulikana, aliyelipa, ambaye ana haki ya kulalamika. Makanga wengi ni waungwana, huniambia "boss, kaa tu mbele na dere." Wengine huangalia nyonga zangu kabla hawajafungua mlango, na nishalipa nauli mbili mara kadhaa kwa sababu nilichelewa kazini na sikuwa na nguvu za kubishana.

Hata hivyo sizitamani zile zama za benchi. Magari yale yaliua watu. Yalikimbia yakiwa yamejaa pomoni, na yalipopinduka waliokuwa ndani walirushwa kama magunia. Aliyesimama kwenye mazishi ya majeneza manne ya nyumba moja hawezi kukwambia Michuki alikosea.

*

Swali la namna ya kumfunga mtu kitini lilikwisha kusumbua watu mbali sana na barabara zetu, kwenye mchezo wa kujistarehesha. Navutwa nalo kwa sababu huko ndiko nilikoelewa kinachotokea ndani ya matatu.

Mwaka 1884, Coney Island huko New York, bwana anayeitwa LaMarcus Thompson alifungua reli ya raha aliyoiita Switchback Railway. Ni babu wa rola kosta za leo, zile treni za kupanda kilima na kuporomoka watu wakipiga mayowe. Ulilipa senti tano, ukaketi kwenye benchi, ukateremka kwa mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia mazoezi Karura akiwa amechoka. Hakuna aliyefungwa, maana hapakuwa na haja.

Baadaye watengenezaji wakataka zaidi. Mwaka 1919 mhandisi John Miller alisajili uvumbuzi wa magurudumu ya ziada yanayokaa chini ya reli na kulishika behewa lisiruke. Behewa likishashikwa, mteremko unaweza kuwa mkali utakavyo, na sasa kinachotaka kuruka si behewa tena bali aliyelikalia. Chuma cha kulala mapajani kikawa na kazi. Mwaka 1975 bustani ya Knott's Berry Farm, California, ikafungua Corkscrew, treni ya kampuni ya Arrow iliyowageuza abiria kichwa chini miguu juu, na chuma kikapanda hadi mabegani. Kadiri mwendo ulivyozidi, mwili ulishikwa mahali pengi zaidi, na kila paliposhikwa palikuwa na mwili wa mtu fulani usiotoshea.

Watu hudhani shida ni uzito. Mara nyingi si uzito, ni umbo. Chuma cha mapajani kinashuka hatua kwa hatua, na kila hatua inalia klik. Kuna hatua ambayo lazima kiifikie ndipo kompyuta ikubali treni iondoke. Mwenye kilo 120 zilizosambaa mwili mzima anaweza kufungwa vizuri akaenda zake, na mwenye kilo 95 zilizokusanyika tumboni akaambiwa ashuke. Ndiyo maana bustani kubwa za Marekani huweka kiti cha kujaribia mlangoni, ujue hali yako kabla hujapanga foleni saa mbili. Mwaka 2023 Universal ilipofungua mchezo wa Mario Kart huko Hollywood, ilitangaza kwamba mwenye kiuno cha inchi 40 au zaidi huenda asitoshee. Inchi 40 ni kama sentimita 102. Hebu zunguka ofisi yoyote pale Westlands saa ya chai, uhesabu mabosi wangapi wangebaki nje wakishikia watoto mabegi.

Nami nishabaki nje. Miaka michache iliyopita ofisi yetu ilitoka kujivinjari kwenye bustani moja ya michezo, sitaitaja. Rola kosta yake ilikuwa ndogo, ya watoto na wazazi wao. Niliketi, kijana wa kufunga akasukuma chuma, kikalia klik moja. Ilitakiwa tatu. Akasukuma tena kwa mikono miwili, nami nikavuta tumbo mpaka macho yakaona nyota. Nyuma yangu wenzangu walikuwa wameshafungwa, wamenyamaza ule unyamavu wa watu wanaokupenda. Kijana akainama karibu na sikio langu, akasema taratibu, "Pole sana, boss. Haitawezekana." Nilishuka. Nilikunywa soda na kuwapiga picha.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia kijana yule. Kisha tarehe 24 Machi 2022, huko Orlando, Florida, mvulana wa miaka 14 alipanda mnara wa kuporomoka ulioitwa FreeFall. Alikuwa mkubwa wa mwili, uzito wake ukiwa juu sana ya kiwango ambacho watengenezaji walikiweka. Mnara ulipopunguza mwendo karibu na ardhi, alichomoka kitini akafa. Wachunguzi walikuta kwamba kifaa cha kuhisi kwenye kiti chake kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono, hivyo mashine ikaamini amefungwa sawasawa ilhali chuma kilikuwa kimeacha mwanya mkubwa kuliko kawaida. Kiti kilikuwa kimelegezwa kipokee watu wakubwa, lakini hakikuwa kimejengwa upya kiwashike. Mnara ule ulibomolewa, na mwaka uliofuata jimbo la Florida likapitisha sheria mpya ya usalama iliyopewa jina la mvulana huyo.

Nilisoma habari hiyo nikiwa ndani ya matatu, na nikaanza kumfikiria yule kijana aliyeniambia haitawezekana. Aliniaibisha, ndiyo. Lakini alikuwa amenipima. Alijua mwili wangu uko hapo na chuma chake hakinifikii, na akakataa kujifanya kwamba kinanifikia. Nilitazama chini. Mkanda wa kiti changu ulikuwa umelala sakafuni, na tangu nilipopanda hakuna aliyeniuliza.

*

Mkanda wa gari ulikuja kwa njia nyingine, na wenyewe pia ulikatwa kwa kipimo cha mwili fulani.

Ule tunaoujua leo, unaopita kifuani na nyongani, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959. Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege za kivita, kwa hivyo alijua ghafla inavyoutenda mwili. Volvo waliruhusu wengine wautumie bure, na ni vigumu kutaja kifaa kingine kidogo kilichookoa watu wengi hivyo. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa waliokaa mbele kwa karibu nusu.

Kuupima kulihitaji mwili, na mwili wa mtu hauwezi kugongeshwa ukutani kila siku. Wakatengeneza wanasesere wa majaribio. Aliyetumika kuliko wote, Hybrid III, alitoka General Motors mwaka 1976: mwanamume wa Kimarekani wa wastani, mwenye kama kilo 78. Magari mengi ya dunia yamepita mikononi mwake. Akifungwa mkanda, unakaa pale unapopaswa kukaa, chini kwenye mfupa wa nyonga. Ukinifunga mimi mkanda wa nyonga peke yake, ule wa matatu, unapanda juu ya tumbo. Hapo gari likifunga breki ghafla, nguvu yote inaingia kwenye nyama laini na vilivyomo ndani yake, badala ya kupokewa na mfupa.

Kisha kuna gari lenyewe. Nissan zetu za leo nyingi ni Toyota HiAce, ingawa jina la zamani limekataa kufa. HiAce ya kawaida ina upana wa milimita 1,695. Idadi hiyo haikutoka hewani. Japani, gari dogo haliruhusiwi kuzidi upana wa mita 1.7, likizidi linahamia daraja la juu na mambo yake. Kwa hivyo waliliishilizia milimita tano kabla ya mpaka. Nyingi zilifanya kazi ya kubeba mizigo huko, zikachakaa kidogo, zikapakiwa melini, zikashuka Mombasa, na zikafika kwa mafundi wetu ziwekewe viti.

Sasa piga hesabu. Mbele wawili karibu na dereva, nyuma safu nne za watu watatu: jumla 14. Ukichukua upana wote wa nje, bati kwa bati, ukaugawa kwa watatu, kila mmoja anapata sentimita 56.5. Bado hujatoa unene wa mlango na kuta, wala njia ya kupita. Mabega yangu peke yake, fundi nguo amenipima, ni sentimita 55. Kiti ninachogombania kila asubuhi Waiyaki Way kiliamuliwa na karani wa Japani aliyekuwa akiwaza ushuru na vichochoro vya Tokyo.

Nilienda Kirinyaga Road, wanakouza na kufunga kila kitu cha gari, nikamtafuta fundi wa viti. Alikuwa amechuchumaa na mkasi, akikata utepe wa mkanda kutoka kwenye bunda kubwa jeusi. Nikamuuliza anajuaje urefu.

"Napima na kiti," akasema.

"Si na mtu?"

Akaniangalia, akacheka, si kwa ubaya. "Mtu yupi sasa, boss? Kiti ndiyo iko hapa."

Alinionyesha. Anazungusha utepe juu ya kiti kitupu, anaacha kiasi cha mtu wa kawaida, anakata. Akiacha mrefu sana, mwenye gari analalamika kwamba unaburutwa sakafuni, unachafuka, unanaswa na mlango. Nikamuuliza kama anaweza kunishonea kipande cha kuongezea, kama kile wanachokupa ndani ya ndege ukiomba. Akasema anaweza, dakika kumi tu, atanifanyia bei ya rafiki. Nilimshukuru nikaondoka bila kukichukua. Mshono wa kipande kile ndio ungebeba kilo zangu 124 gari likigonga, na hakuna ofisi iliyoupima. Nisingekuwa na tofauti na kile kiti cha Orlando, kilichosema ndiyo bila kuwa na nguvu ya ndiyo.

*

Wakati mwingine serikali hukumbuka mikanda. Novemba 2018, Michuki akiwa amefariki tangu Februari 2012, sheria zake zilifufuliwa kwa msako wa nchi nzima. Matatu zikajificha, nauli zikapanda, watu wakatembea tena kama mwaka 2004. Safari hii waliokamatwa walikuwa pia abiria waliopatikana hawajafunga mkanda.

Wiki hiyo nilikuwa nikishuka Kangemi kwenda kazini Westlands. Kulikuwa na gari moja stage, na makanga alikuwa akihubiri: "Funga mkanda, watu wangu, leo si mchezo." Nilijaribu viti viwili. Kwenye cha kwanza mkanda ulikosa kiganja kizima kufika kwenye kifungio, kwenye cha pili ulikosa vidole vitatu. Makanga akanitazama, nami nikamtazama. Hakuna kati yetu aliyetaka kulisema. Nilishuka nikatembea. Ilikuwa kama saa nzima, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kuliona jambo lenyewe vizuri: sheria iliyotungwa kuniokoa ilikuwa imenishusha garini, na siku msako utakapopoa, ingenirudisha garini bila mkanda.

Watu huniambia suluhisho ni nipungue. Mimi napungua na kuongezeka kama wengine, na hilo ni kati yangu na daktari wangu. Lakini hatuzungumzii mtu mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba theluthi moja ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Zamani kitambi kilikuwa alama ya wabenzi, na wabenzi hawakupanda matatu. Siku hizi mwenye kitambi anauza simu Luthuli, anafundisha shule ya msingi, anauza nyanya Kangemi, na anapanda namba 23 kama kila mtu. Mwili wa abiria umebadilika. Kipimo cha kiti hakijabadilika.

Wengine huniambia haiwezekani, biashara ya matatu haina nafasi ya kupoteza. Huwa nawakumbusha korona. Machi 2020 serikali iliagiza Nissan ya abiria 14 ibebe wasiozidi 8, na agizo hilo lilidumu hadi Agosti 2021. Nauli zilipanda, ndiyo, na wenye magari waliumia. Sitaki kujifanya kwamba ilikuwa rahisi kwa yeyote. Lakini kwa karibu mwaka mmoja na nusu nilisafiri kutoka Kangemi hadi Westlands nikiwa na kiti kitupu ubavuni, bila kuomba radhi, bila kuonewa haya. Yule mama wa nyanya aliniambia alisinzia garini mara ya kwanza maishani mwake. Tulisubiri ugonjwa wa dunia nzima ndipo tukakaa vizuri.

Na sihitaji viti sita viwe vitupu. Huko Orlando, mwaka 2010, Universal walifungua mchezo mkubwa wa Harry Potter na kugundua kwamba watu wengi wanene walikuwa wakikataliwa mlangoni. Miezi michache baadaye wakarekebisha viti vya pembeni mwa kila safu vipokee miili mikubwa, huku vya katikati vikibaki vilivyo. Hawakulegeza chuma. Walijenga kiti kinachoshika mtu mwingine. Ndicho kitu ninachokiomba kwa matatu: viti viwili kati ya 14, vyenye mikanda mirefu iliyopimwa na kuidhinishwa kama ile mingine, na gari likienda ukaguzi la kila mwaka, mkaguzi aivute mikanda hiyo mpaka mwisho na rula mkononi. Fundi wangu wa Kirinyaga Road anaweza kuikata alasiri moja. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia akate urefu gani.

Kwa sasa hali iko hivi. Kukaa garini bila kufunga mkanda ni kosa, na faini yake ni shilingi 500. Mkanda ukikosa vidole vitatu kunifikia, anayetakiwa kuilipa ni mimi.